Usiku Tovuti Yetu Ilipogoma

Ilikuwa Ijumaa moja ya muhula wa pili, mwaka wa 2024, yapata saa moja na nusu jioni. Shule saba za eneo letu zilikuwa zimefanya mtihani wa pamoja wa Kidato cha Nne, na matokeo yalikuwa yatolewe usiku huo kwa njia ya tovuti. Tovuti yenyewe tuliiunda sisi wawili wa chama cha kompyuta, mimi na rafiki yangu wa dawati moja. Yeye alishughulikia sura ya kurasa pamoja na nembo za shule. Mimi nikashika hesabu na hifadhidata. Mzazi angeandika nambari ya mtahiniwa kwenye simu yake, aone alama za mwanawe na nafasi aliyoshika. Tulikuwa tumeijaribu mara nyingi kwa majina 30 ya kubuni, ikaenda kama mshale. Tulitembea vifua mbele, bwana!

Kumbe mbio za sakafuni huishia ukingoni. Saa mbili kamili wazazi walipotumiwa ujumbe kwamba matokeo ni tayari, tovuti ikaanza kuburura miguu. Sekunde tano. Kumi. Arubaini. Kisha ikawa haifunguki kabisa. Simu ya mwalimu wetu wa kompyuta haikupumzika. Mama mmoja alipiga akilia, akidhani matokeo ya mwanawe yamezuiwa kwa sababu ya karo. Nilimsikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nikilikumbuka hadi leo hunitoa jasho. Mwalimu alipouliza kuna nini, nilimnyoshea mwenzangu kidole. "Mwalimu, ni hizo nembo zake. Picha ni kubwa mno, nilimwambia akakataa kusikia." Sikusema uongo makusudi, kwani niliamini hivyo, lakini sikuwa nimepima chochote. Mwenzangu hakujibu neno. Aliketi akaziondoa nembo zote saba, moja baada ya nyingine. Tovuti haikutikisika.

Basi nikarukia dawa nyingine: seva ni ndogo, tulipie kubwa. Tukalipia yenye nguvu maradufu kwa pesa za chama, zile tulizochanga kwa ajili ya safari. Tulipata nafuu kidogo, kisha tukarudi pale pale.

Kesho yake asubuhi mwalimu alituita maabara. Hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Mmepima wapi?" Tukatazamana. Akafungua ukurasa na kutuonyesha kile chombo cha kivinjari kinachoandika muda wa kila kitu kinachopakuliwa. Hata wakati huo, wazazi wakiwa wangali wanajaribu, kivinjari kilingoja sekunde 38 kabla ya kupokea herufi ya kwanza kutoka kwa seva. Mwalimu akarudisha nembo moja ili tuipime: haikufika hata nusu sekunde. Mwenzangu akanitupia jicho, nami nikatazama sakafu.

Tukaenda kwenye hifadhidata. MySQL ina daftari lake la maswali yanayochelewa, ukitaka unaliwasha. Tulikuwa tumeliwasha tangu usiku, na lilikuwa tupu! Nikashangilia kimoyomoyo: hifadhidata haina hatia, wala mimi sina. Mwalimu akacheka. "Wewe, hili lisiporekebishwa huandika swali lililozidi sekunde 10 tu. Weka sifuri." Nikaweka sifuri, tukafungua karatasi ya matokeo ya mtahiniwa mmoja. Lo! Daftari lilifurika. Ukurasa mmoja, mzazi mmoja, maswali 1,205.

Nilijua papo hapo yalikotoka. Ili kupata nafasi ya mtoto mmoja, programu yangu iliomba kwanza orodha ya watahiniwa wote 1,204, kisha ikamwendea kila mmoja kivyake kuuliza alama zake. Kila swali lilichukua kama milisekunde 2, ndiyo sababu hakuna lililoonekana kuchelewa. Lakini 1,204 mara 2 ni karibu sekunde mbili na nusu, hapo mzazi akiwa peke yake. Wakija mia pamoja, wanapangana foleni. Nayo MySQL, usipoigusa, hupokea miunganisho 151 kwa wakati mmoja. Waliozidi wanafungiwa nje. Kwa majina yetu 30 ya kubuni, ni nani angeliona hilo?

Tena kulikuwa na la pili. Jedwali la alama lilikuwa na mistari 9,632, masomo manane kwa kila mtahiniwa, nami sikuwa nimeliwekea faharasa ya nambari ya mtahiniwa. Kwa hivyo kila swali lilisoma jedwali zima tangu juu hadi chini. Piga hesabu mwenyewe, msomaji: zaidi ya mistari milioni 11 kwa karatasi moja ya matokeo.

Kurekebisha kulituchukua muda mfupi kuliko kuandaa chai ya saa nne. Faharasa ni mstari mmoja wa maandishi. Nafasi nazo tulizikokotoa mara moja kwa wote na kuziweka kwenye safu yake, kwa kuwa matokeo yakishatangazwa nafasi haibadiliki kila mzazi anapotazama. Maswali 1,205 yakawa mawili. Kabla ya kuwaita wazazi tena, mwalimu alitulazimisha kuijaribu kwa programu inayojifanya watu 300 kwa pamoja. Kila karatasi ilifunguka chini ya sekunde moja. Tukairudia ile seva ndogo ya kwanza, ingawa pesa za mwezi ule hazikurudi, na safari ikaahirishwa.

Jioni nilimfuata mwenzangu bwenini. Nilikuwa nimetunga maneno mengi, yote yakanipotea. "Ndugu yangu, nisamehe. Nilikupaka matope mbele ya mwalimu."

Alikuwa akipiga viatu rangi. Alimaliza kiatu kimoja, akachukua cha pili.

"Zile nembo," akasema, "utazirudisha wewe. Zote saba."