Uwanda wa Mkandaa

Baba alikuwa fundi wa nyumba za udongo huku Dabaso, nami nilikuwa mbeba fito wake. Siku za bamvua hatukuingia mikokoni. Tulingoja maji mafu, tope la huku juu linapoganda kidogo, ndipo tukateremka hori ya Mida na shoka moja na mapanga mawili.

Mgeni akiona, yote kwake ni mikoko. Baba aliiona kama mvuvi anavyoona samaki, kila mmoja na jina na kazi yake. Mlilana husimama mbele kabisa baharini. Huo aliwaachia mafundi wa majahazi. Mchu ulikuwa kuni. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, ulitoa boriti na nguzo. Lakini tulichokifuata sana ni mkandaa: mti mfupi, mnyoofu, mgumu, usiopendwa na mchwa. Ndio uliotupa fito na pau. Tulihesabu kwa korja, 20 kwa 20, na korja ya kwanza daima ilikuwa juu ya bega langu.

Siku moja alinipitisha Gedi, kwenye magofu, akanisimamisha ndani ya chumba kirefu chembamba. Akaniuliza mbona tajiri aliyeishi hapa alijibana hivi. Sikujua. Akanyoosha mikono kuelekea kuta mbili: upana wa chumba, alisema, ni urefu wa boriti. Waliojenga mji ule walipimiwa vyumba vyao na mikoko.

Mikoko ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, na mwaka 1982 kusafirisha boriti nje kulipigwa marufuku. Marufuku hiyo ilihusu zaidi majahazi ya Lamu yaliyokwenda Arabuni. Soko letu sisi lilikuwa hapa hapa. Mahoteli yalikuwa yakiota Watamu na Malindi, na wageni walitaka mapaa ya makuti na kuta zenye sura ya pwani. Oda moja ya hoteli ilikula pau nyingi kuliko nyumba zote alizojenga baba mwaka ule. Tukala vizuri. Nilinunuliwa baiskeli.

Sehemu tuliyoikata ilikuwa nyuma ya mikoko mingine, upande wa nchi kavu, ambako maji hufika wakati wa bamvua tu. Hilo sikulipa uzito wakati ule. Mida haina mto. Maji yake matamu ni yale yanayopenya chini kwa chini katika miamba ya matumbawe, ndiyo maana kila kisima kipya kinachochimbwa Watamu hunitia wasiwasi. Mkandaa huishi kwa hayo machache na kwa kivuli chake wenyewe. Kati ya bamvua moja na nyingine jua hufyonza maji na kuacha chumvi. Kivuli kikiwepo, tope hubaki na unyevu. Mbegu yake huota ingali mtini, ikaning'inia kama penseli ya kijani, kisha hudondoka hapo hapo au kuchukuliwa na maji. Sisi tulikata miti mama yote. Kisha chumvi ikapanda juu, nyeupe, na mbegu zilizoletwa na maji kutoka kwingine zikafika mahali pa kufia.

Pale sasa ni uwanda mtupu. Ng'ombe hupita, na watoto wamechora mistari ya goli.

Kila mara huja watu wenye fulana za rangi moja kupanda. Hupanda mkoko, kwa sababu mbegu yake ni ndefu na kuichomeka topeni ni kazi ya dakika, na huipanda mbele, kwenye tope laini ambako picha hutoka vizuri. Bamvua mbili tatu zikipita, nyingi zimeng'oka. Uwandani hakuna anayekwenda kupanda. Nimewahi kumwambia kijana mmoja wa kikundi kwamba pale panataka mkandaa, na kabla ya mkandaa panataka mifereji midogo ya kufikisha maji. Akanijibu, "Mzee, mkandaa hauna bajeti." Nilicheka, kwa kuwa kijana hakukosea.

Serikali iliposimamisha ukataji Februari 2018, baba alikwisha kuhamia mvinje zamani. Kila shamba la Kilifi lina mvinje siku hizi. Hukua upesi, hunyooka, na hakuna anayekuuliza umeutoa wapi. Baba huununua bila kuupenda. Anasema una haraka.

Jiko la mama limeezekwa kwa pau nilizobeba mimi. Makuti yamebadilishwa mara nyingi, nyumba kubwa imeshakuwa ya mawe na mabati, na ndugu zangu wanataka jiko lile libomolewe. Mwezi uliopita baba alipanda ngazi akagonga pau moja moja kwa mpini wa nyundo, akisikiliza. Aliposhuka alisema zote nzima, akaomba chai.