Cheti cha Mjukuu Wangu

Sebuleni kwangu hapa Bunju pana cheti kilichotundikwa ukutani tangu nyumba haijapigwa rangi. Nilikipata Chuo cha Ualimu Mpwapwa mwaka 1971, ualimu wa Daraja A, na kioo chake kimepasuka kona moja kwa kuwa kimehama pamoja nami shule saba. Ndugu msomaji, vijana wa leo wataona taabu kuamini nguvu iliyokuwa nayo karatasi ile. Hatukuandika barua za kuomba kazi wala hatukuitwa kwenye usaili. Tulisomewa majina bwaloni, fulani Singida, fulani Lindi, fulani Kigoma, tukapewa hati za usafiri, na kabla ya mwezi kwisha nilikuwa nimesimama mbele ya watoto hamsini na chaki mkononi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja. Tangu siku ile niliamini kuwa cheti ni kama tiketi ya treni: ukiwa nacho, lazima utafika.

Imani hiyo niliishi nayo mpaka Jumapili moja ya mwanzo wa mwaka 2021, mjukuu wangu alipokuja kunitembelea. Ni mtoto wa binti yangu mkubwa, amesomea mambo ya fedha Chuo Kikuu, na wakati huo alikuwa akihesabu noti dirishani katika benki moja mjini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mchumba. Leo umekuja na mikono mitupu, bila shaka una shida."

Akacheka. Shida ilikuwepo. Alitaka kusomea cheti kingine, kiitwacho CFA, cha wachambuzi wa uwekezaji. Nilimwuliza ni chuo gani. Akasema hakuna chuo. Mtu hujisomea nyumbani usiku, kisha hufanya mitihani ya taasisi iliyoko Virginia, Marekani. Mitihani hiyo ilianza mwaka 1963, watu 284 wakaufanya ule wa kwanza, na sasa inafanywa dunia nzima. Ina madaraja matatu. Kila daraja linataka kama saa 300 za kujisomea, na hata ukifaulu yote hupewi cheti mpaka uwe umefanya kazi ya aina hiyo saa 4,000, kwa muda usiopungua miezi 36. Ada ya kujiandikisha ilikuwa dola 450, na ya mtihani wa kwanza dola 700 kwa atakayelipa mapema. Nilichukua penseli nikazidisha. Ilipita shilingi milioni mbili na nusu.

"Na ukishakipata," nikamwuliza, "utapangiwa wapi?"

Mtoto wa watu akanitazama kwa huruma. "Babu, siku hizi hakuna anayempangia mtu."

Fedha ninazo, nilijisemea moyoni, lakini zina kazi yake. Nilikuwa nimeweka akiba ya kujenga ukuta. Yeyote anayekaa Bunju anajua maana ya ukuta. Nilipokinunua kiwanja hiki mwaka 1994 huku kulikuwa mikorosho na mihogo, na jirani alikuwa mtu wa kumwita kwa mbiu. Leo nyumba zimebanana mpaka Mabwepande, na mimi bado nimezungukwa na michongoma, ambayo mbuzi anapita, sembuse mwizi. Bibi yake aliposikia habari hizi alisema maneno machache tu: "Shahada anayo. Cheti kingine cha nini? Ukuta ndio ulinzi."

Lakini sikuogopa kwa ajili ya ukuta peke yake. Hapana budi niseme kweli. Mimi nimefundisha somo la Siasa kwa miaka mingi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nililifundisha neno kwa neno, na miiko ya uongozi niliiandika ubaoni hata nikiwa usingizini ningeweza kuitaja: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mimi mwalimu wa kawaida pengine miiko ile haikunigusa, ila niliiheshimu kama inayonigusa. Neno "hisa" masikioni mwangu lilikuwa na harufu ya unyonyaji. Miiko ililegezwa kule Zanzibar mwaka 1991, Bunge likatunga sheria ya masoko ya mitaji mwaka 1994, na Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara Aprili 1998 kwa hisa za kampuni moja tu, ya TOL, inayotengeneza gesi. Hayo yote niliyasoma gazetini kama mtu anayesoma habari za nchi nyingine.

Tena nilikuwa na kidonda changu. Nilipostaafu mwaka 2010 nilichukua sehemu ya kiinua mgongo nikaipeleka kwa watu fulani waliokuwa wakikusanya fedha mtaani na kuahidi kurudisha mara mbili baada ya miezi michache. Walivaa tai, wakasema Kiingereza kizuri. Sitaki kurefusha habari hiyo. Mwalimu mkuu mzima, niliyefundisha hesabu za riba darasa la saba kwa zaidi ya miaka thelathini, sikukaa chini kujiuliza faida ile ingetoka wapi.

Mjukuu wangu aliifahamu aibu ile, ingawa hakuitaja. Badala yake alirudi Jumapili iliyofuata na kitabu chenye rangi nyingi, taarifa ya mwaka ya kampuni ya saruji ya Wazo. Hapo alinipata pabaya, maana nyumba hii nimeijenga kwa saruji ya Twiga, mfuko baada ya mfuko, na malori yake ndiyo yanayotuchelewesha Barabara ya Bagamoyo. Kiwanda kile kilianza kazi mwaka 1966, Serikali ikachukua hisa zake mwaka uliofuata baada ya Azimio, miaka ya 1990 kikarudi mikononi mwa wawekezaji, na tangu mwaka 2006 hisa zake zinauzwa sokoni. Wenye sehemu kubwa ni Wajerumani wa Heidelberg. Lakini hata mwalimu mstaafu wa Bunju anaweza kununua.

Tukakaa chini ya mwembe mpaka jua likazama. Alinionyesha mizania, akanionyesha fedha zilizoingia na zilizotoka, kisha akaanza kuuliza maswali ambayo sikuyatarajia. Tanuri linachomwa kwa nini? Kwa gesi ya Songo Songo, inayofika Wazo tangu mwaka 2004. Gesi ikipanda bei itakuwaje? Dangote alipofungua kiwanda Mtwara mwaka 2015, bei ya mfuko Dar es Salaam ilifanya nini? Serikali ikijenga reli, nani atauza saruji, na atalipwa lini? Faida iliyoandikwa hapa ni fedha taslimu au ni madeni ambayo hayajalipwa? Na baada ya maswali yote hayo, hisa moja ina thamani gani, na sokoni leo wanaiuza bei gani?

"Hiyo ndiyo kazi ya mchambuzi, babu. Thamani ni kitu kimoja na bei ni kingine. Wale waliokuchukulia fedha zako ungewauliza swali moja tu kati ya haya, wangekukimbia."

Nilinyamaza. Usiku ule nilimwambia bibi yake kuwa ukuta utasubiri.

Alisoma. Alikuwa akitoka benki saa kumi na moja, anafika Tegeta alikopanga saa mbili usiku, anasoma mpaka saa saba. Mwishoni mwa juma alikuja kusomea kwangu kwa sababu kuna kivuli na hakuna muziki wa baa. Mtihani alifanya Julai 2021. Matokeo yalipotoka, katika kila watahiniwa mia duniani walifaulu 22 tu, na yeye hakuwa miongoni mwao. Alinipigia simu akashindwa kusema. Bibi yake naye hakusema, akabaki anaitazama michongoma.

Katika maisha yangu nimewatangazia matokeo watoto wengi, na wengi wao walikuwa wameshindwa. Enzi zile nafasi za sekondari zilikuwa chache hata mtoto hodari alirudi shambani. Niliwafariji kwa maneno ya jumla. Safari hii maneno ya jumla yalikataa kutoka. Nilimwambia alete majibu yake nione alipoanguka wapi, akaniambia mitihani ile hairudishwi. Mtu huonyeshwa michoro tu, hapa ulikuwa dhaifu, hapa una nafuu. Basi tukaitazama michoro. Hesabu za mizania zilikuwa dhaifu. Ada ya kurudia niliitoa tena mimi, kutoka fedha za korosho na za kipembe cha kiwanja nilichomkatia jirani apitishe gari lake. Februari 2022 akafaulu.

Sasa ningependa kukueleza kuwa milango ilifunguka. La hasha! Aliitwa kwenye usaili katika ofisi moja kubwa, na mmoja wa wasaili akamwuliza kama CFA ni zile faranga za Afrika Magharibi. Mwingine akamwuliza mbona hana CPA. Swali hilo la pili si la kipuuzi. Bodi ya wahasibu na wakaguzi, NBAA, ipo kwa sheria ya mwaka 1972, na mtu asiyesajiliwa nayo hawezi kutia sahihi ukaguzi wa hesabu nchini. CFA haina nguvu hiyo ya kisheria hapa kwetu. Anayetaka kuwa dalali wa hisa au mshauri wa uwekezaji anahitaji leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Na kazi zenyewe ni ngapi? Soko letu lina kampuni zisizozidi thelathini. Nairobi, ambako soko la hisa lilianza mwaka 1954, ndiko wenye cheti hiki walikounda chama chao cha Afrika Mashariki. Kijana anayekwenda kukopa fedha kwa riba ili asomee CFA, akidhani akirudi atakuta kiti kimevutwa, mimi ningemshika mkono aketi kwanza.

Kazi aliipata mwaka 2023, uchambuzi mdogo katika kampuni inayowekeza fedha za watu. Nilimwuliza kama ni cheti kilichompatia. Alifikiri kidogo, akasema alipeleka kurasa sita alizoandika juu ya saruji ya Wazo, zile tulizozijadili chini ya mwembe, ambazo nilizisahihisha kwa kalamu nyekundu kila sentensi iliyokuwa ndefu bila sababu. Ndizo walizozizungumza saa nzima. Lakini zisingeandikika, alisema, kama hakupita katika masomo yale na kuanguka mara moja.

Maneno hayo yalinikumbusha vijana tuliowaita walimu wa UPE, walioletwa shuleni baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, darasa la saba tupu, wakajifunza ualimu huku wakifundisha. Tuliotoka vyuoni tuliwadharau. Mmoja wao alifundisha sehemu za desimali kwa vifuu na magunzi vizuri kuliko mimi na Daraja A yangu. Baadaye alikwenda chuoni, akarudi na cheti, akafundisha vizuri zaidi. Sijui nimweke upande gani wa hoja hii.

Jambo jingine alinisomea mwenyewe kutoka katika vitabu vyake. Somo la kwanza ni maadili, nalo hutahiniwa katika madaraja yote matatu. Mchambuzi anatakiwa aweke maslahi ya mteja mbele ya yale ya mwajiri wake na ya kwake binafsi. Nikamwambia arudie. Akarudia. Kumbe mabepari nao wana miiko! Bibi yake akasema miiko hata sisi tulikuwa nayo, na waliokuwa wakiivunja tuliwajua kwa majina. Hakuna aliyembishia.

Hata hivyo jambo lile lilinikosesha usingizi kwa sababu nyingine. Pensheni yangu inalipwa na PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 mifuko minne ilipounganishwa. Kila mwezi naipokea bila kujiuliza inakaa wapi kabla ya kunifikia. Kumbe inakaa katika hatifungani za Serikali, hisa, majengo, na mahali fulani pana kijana ameketi mbele ya taarifa ya mwaka kama ile ya Wazo, akiamua. Sina ukuta wala akiba nyingine. Nikawaza, je, kijana huyo naye ameanguka mara moja na kurudia? Anajua kuuliza kama faida ni fedha taslimu au madeni?

Mjukuu wangu amevuka daraja la pili, amebakiza la tatu. Ada safari hii analipa mwenyewe. Mwaka jana alinishawishi nikanunua hisa chache za Wazo, na gawio lilipoingia katika simu nilimwonyesha bibi yake, akauliza kama linatosha matofali mangapi. Tulipiga hesabu pamoja. Matofali kumi na manne. Ameyapanga pale langoni, juu yake ameweka chungu cha mchaichai, na Jumapili hii mchumba wangu ameahidi kuja na taarifa ya mwaka mpya. Kalamu nyekundu nimekwisha nunua.