Mtunzaji Akifukuzwa

Kazi yangu hapa Olenguruone ni kutunza maktaba ya shule na, siku za Jumamosi, madaftari ya ubatizo na ndoa ya kanisa letu. Adui wa kila siku ni unyevu. Tuko juu, Msitu wa Mau ni jirani, na miezi ya mvua kitabu kilichoegemea ukuta wa mbao huota kuvu kabla muhula haujaisha. Kwa hiyo rafu zangu haziugusi ukuta. Karatasi iliyolowa siianiki juani, maana itajikunja na wino utafifia; naiweka kivulini, napachika karatasi kavu kati ya kurasa na kuzibadilisha mpaka zisinyonye tena maji. Mgongo uliobanduka naushona kwa uzi wa pamba, kisha gundi ya unga wa ngano. Haya yote yanafundishika. Lisilo na gundi ni daftari ambalo mtu wake amefukuzwa.

Mwaka 1992, mapigano yalipofika Molo na Olenguruone, watu walikimbia na watoto na blanketi. Baadhi ya madaftari yetu yaliteketea pamoja na nyumba ya mtu aliyekuwa akiyaweka. Miaka mingi baadaye waliobatizwa hapa wakaanza kuja mmoja mmoja, watu wazima, kutafuta ushahidi wa umri wao au jina la mzazi, wapate cheti cha kuzaliwa au kitambulisho. Ukurasa mmoja ulioungua ni mtu anayesimama mbele ya meza ya afisa bila cha kuonyesha. Wengine niliweza kuwasaidia kwa sababu mama mmoja mzee alikumbuka wasimamizi wa ubatizo wao. Wengine sikuwa na la kuwapa.

Yale hayakuwa mapigano ya dini. Yalikuwa ya ardhi na kura, na Tume ya Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 kuyachunguza, ilikusanya ushahidi wa kutosha. Lakini moto haukuuliza kama kilichomo ndani ni Biblia. Nimekuja kuamini kwamba hata vita vinavyoitwa vya dini, ukivichunguza, utakuta ndani yake shamba la mtu, kiti cha mtu, na mtu aliyetakiwa kuondoka.

Karibu kila mwaka mwanafunzi huniuliza nani alichoma maktaba ya Aleksandria, na mara nyingi huwa keshachagua wa kumlaumu. Namweleza ninayoyajua. Moto wa Julius Caesar wa mwaka 48 KK ulianzia bandarini. Hekalu la Serapis, lililowahi kuwa na tawi la maktaba ile, lilibomolewa na Wakristo karibu mwaka 391. Kisa kwamba Khalifa Umar aliamuru vitabu vichomwe kiliandikwa karne nyingi baada ya wakati wake, na wanahistoria wengi hawakikubali. Kisha namwambia jambo ambalo vitabu vya shule hulipita: mwaka 145 KK, kabla ya hayo yote, Mfalme Ptolemaio wa Nane aliwafukuza wanazuoni mjini. Vitabu vilibaki rafuni, wenye kuvijua wakatawanyika. Kwangu mimi, maktaba ile ilianza kufa mwaka ule.

Hapa kwetu mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mwaka 1929 misheni kadhaa katika nchi ya Wakikuyu ziliwataka waumini waweke kidole gumba kwenye karatasi, wakane tohara ya wanawake. Wengi walikataa, wakatoka, wakaanzisha makanisa na shule za kujitegemea. Baadhi ya watu wenye mwelekeo huo walikuwa miongoni mwa Wakikuyu ambao serikali ya kikoloni iliwaleta Olenguruone kuanzia mwaka 1941, baada ya kuwatoa katika ardhi ya Wamaasai. Walijenga shule zao. Walipoambiwa kwamba wao ni wapangaji tu, wenye kulima kwa amri, walikataa, wakala kiapo familia nzima, wake kwa waume. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa, nyumba zimebomolewa, wengi wamepelekwa Yatta, nchi kame isiyofanana na hii hata kidogo. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, shule za kujitegemea zikafungwa kote. Katika miaka yangu ya kutafuta, sijashika hata daftari moja la mahudhurio la shule zile za Olenguruone. Tunawajua walimu na wanafunzi wale kupitia barua za maafisa waliowafukuza.

Majirani zetu Wakipsigis walipatwa kabla yao. Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria maalumu ya kuwaondoa Watalai, ukoo wa viongozi wao wa dini, ikapeleka watu wapatao 700 Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Iliwahesabu kuwa wachawi na wachochezi. Hapakuwa na karatasi ya kuchoma. Ujuzi ulikuwa vichwani mwa wazee, na wazee wakatengwa na vijana waliopaswa kuwarithi.

Kisa kinachonipa nguvu kinatoka pwani. Habari za Pate, historia ya masultani wa kisiwa kile, zilikuwa zimeandikwa katika kitabu kilichotunzwa na ukoo wa watawala. Inasemekana kitabu chenyewe kilipotea Witu mwaka 1890, Waingereza walipoushambulia mji ule. Hapo historia ya Pate ingekwisha. Lakini alikuwepo Bwana Kitini, mtu wa ukoo huohuo, aliyezipokea habari zile kutoka kwa wazee wake na kuzihifadhi moyoni. Waliokuja kuuliza baada ya Witu walimkuta hai, akasimulia, wakaandika. Nakala zinazosomwa leo hazilingani kila mahali, na wasomi hubishana juu ya majina na miaka. Nafurahi kwamba wana cha kubishania.

Lamu, hati za Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh zimepigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Na Timbuktu, nchini Mali, wapiganaji walipouteka mji mwaka 2012 kwa jina la dini, mtunza hati Abdel Kader Haidara na wenzake walitoa hati kwa siri, usiku, katika masanduku ya bati kama yale ya wanafunzi wetu wa bweni, zikapita kwa gari na mashua hadi Bamako. Januari 2013 zaidi ya hati 4,000 za Taasisi ya Ahmed Baba zilichomwa au kuibwa. Mamia ya maelfu yalikuwa yamekwisha kuondoka. Yaliokolewa na familia za wenyeji, Waislamu waliojua thamani ya urithi wa Waislamu wenzao.

Ndiyo maana sisi sasa tunapiga picha kila ukurasa wa madaftari yetu. Nakala moja inakaa kwa familia ya Kikuyu, moja kwa familia ya Kipsigis, nyingine mjini Nakuru, na kila mmoja anajua ya mwenzake iko wapi. Zote zimefungwa kwa neno la siri, wala hatuzitumi ovyo kwenye simu. Daftari la ubatizo lina jina la baba, kijiji na kabila lisilohitaji kutajwa. Mikononi mwa watu wa mwaka 1992 lingekuwa orodha ya nyumba za kuchoma. Mtunzaji asiyelifikiria hilo ni bora akabidhi funguo.

Ewe msomaji uliyeondoka hapa mwaka 1992, au katika ghasia za baada ya uchaguzi za 2008, au ambaye wazee wako walitolewa Olenguruone kwenda Yatta: kama kwenu kuna daftari, kitabu cha nyimbo chenye majina pembeni, au kumbukumbu za mkutano wa shule, usikitupe kwa sababu kimechakaa, wala usikiuze. Kilete tukipige picha, nawe utarudi nacho nyumbani siku hiyohiyo. Na kama hakuna karatasi ila mzee anayekumbuka, mlete yeye kwanza.