Simu Angani: Hadithi au Kweli?

Sisi wa Changamwe ndege si mgeni kwetu. Zikiingia na kutoka Uwanja wa Moi, mwalimu husita na chaki mkononi hadi zipite. Lakini kuziona ni mbali, kuzipanda ni mbali. Khaleti yangu, aliyepata kazi Ughaibuni, ndiye aliyetuletea kisa hiki.

Mhudumu alipowaambia abiria wazime simu, kijana mmoja aligoma. "Dada, ingekuwa simu yaangusha ndege, wangetuacha tupande nazo?" Watu wakaangua kicheko. Nami swali lile lilinikaa kichwani, maana lina akili ndani yake.

Nikasoma. Rubani na mnara wa uwanjani huzungumza kwa masafa ya megahezi 118 hadi 137, na simu zetu zi mbali juu ya hapo. Basi ndege haianguki kwa simu moja, la hasha! Ila nani asiyeikumbuka ile "dzi-dzi-dzi" ya redio, ukiweka simu kando yake kabla haijalia? Mlio huo marubani wameusikia masikioni mwao. Hebu fikiria: mvua ya masika, ndege yashuka, mnara wataja tarakimu, na moja imezwe na kelele! Tena simu iliyo mbali na mlingoti huongeza nguvu, kama mtu aliyeko Likoni anayemwita mwenzake ng'ambo ya kivuko.

Ndiyo sababu mwaka 2013 Marekani, kisha Ulaya, ziliruhusu vifaa vitumike tangu kuruka hadi kutua, bora simu iwekwe katika hali ya ndege. Hapo huwaka, ila haiiti mlingoti.

Kinachonitisha mimi si mawimbi, ni moto. Januari 2025, ndege ya Air Busan iliwaka katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, ikingoja kuruka. Watu wote 176 walitoka hai. Wachunguzi walisema huenda moto ulianzia kwenye pawabanki. Pawabanki haitiwi kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Hubebwa mkononi, moshi uonekane mapema. Na simu ikiteleza ndani ya kiti, usikisogeze kiti kuitafuta. Betri ikibanwa na vyuma huweza kuwaka. Mwite mhudumu.