Ombi Limepokelewa

Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilipata kazi ya muda katika kampuni ndogo hapa Kigali inayouza tiketi za mabasi kwa simu. Nilikuwa mdogo kuliko wote ofisini, nikapewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kutunza kisawazisha mizigo.

Wenzangu wa darasa la Kiswahili huniuliza hilo dude ni nini. Seva moja ikijiwa na watu elfu kwa pamoja huzidiwa. Kwa hiyo unaweka kadhaa, na mbele yake unaweka kitu kinachompokea kila mteja na kumpeleka kwenye seva yenye nafasi, kama yule anayesimama stendi ya Nyabugogo: ninyi wanne gari hili, wewe lile. Tena kila baada ya sekunde 30 hupita akipiga hodi kwa kila seva. Isiyoitika haipelekewi mtu.

Kazi hii unaweza kuifanya kwa kubofyabofya kwenye ukurasa wa kampuni ya wingu. Mimi niliona hiyo ni kazi ya wavivu. Niliandika programu: inatunga ombi, inaambatanisha tokeni ya kuthibitisha mimi ni nani, inalituma kwa intaneti. Ongeza seva hii. Ondoa ile. Seva zenyewe zilikuwa Afrika Kusini na sijawahi kuziona, lakini nilikuwa naziamrisha nikiwa kwenye kiti cha plastiki Remera, sambusa mkononi. Sijui kama nitawahi tena kujiona mkubwa kiasi hicho.

Mtu mwenye akili habadilishi seva Ijumaa ya kuelekea Krismasi, Kigali nzima ikiwa inakwenda nyumbani. Mimi nilibadilisha. Programu ilituma ombi la kuongeza seva mbili mpya, wingu likajibu 202, na programu, kama nilivyoifundisha, ikaondoa zile mbili za zamani papo hapo.

Katika kanuni za wavuti, 202 maana yake ni kwamba ombi limepokelewa. Basi. Kama limetekelezwa au la, hiyo ni habari nyingine. Seva mpya zilipaswa kuitika hodi mara 5 mfululizo, yaani dakika mbili na nusu, ndipo zipewe wateja. Programu yangu haikusubiri hata sekunde mbili. Na hata ingesubiri, nilikuwa nimesahau kuzifungulia njia katika ukuta wa ulinzi, kwa hiyo zisingeitika kamwe. Kila aliyetaka tiketi alipata 503: huduma haipatikani. Nilipozirudisha zile za zamani, nazo zikapigiwa hodi tano kama wageni. Dakika 11 zilipita hivyo, mikono inatetemeka.

Watu 14 walikuwa wamelipa bila kupata tiketi. Meneja alinipa orodha na simu. Wengi niliongea nao Kinyarwanda, wakanisema, wakarudishiwa pesa. Wa mwisho akaitika kwa Kiswahili. Alikuwa mama wa Bukavu aliyekuwa anapita Rusizi kurudi kwao.

Mimi sikukulia Biryogo; Kiswahili changu ni cha darasani. Nikasema nilivyofundishwa: "Samahani mama, mfumo wetu ulipata hitilafu."

"Huyo mfumo ni nani? Mupe simu niongee naye."

Nikakosa neno.

"Mtoto yangu, niko hapa na batoto batatu. Simu inaniambia malipo yamepokelewa. Kama yamepokelewa, tiketi iko wapi?"

Swali hilohilo ndilo nililopaswa kuiuliza ile 202. Nikamwambia ukweli, kwa maneno niliyokuwa nayo: "Si mfumo, mama. Ni mimi. Nilifunga mlango wa zamani kabla mpya haujafunguka."

Akanyamaza kidogo. "Basi kuja hapa, unifungulie."

Nilichukua pikipiki hadi Nyabugogo. Basi la mwisho la Rusizi lilikuwa limejaa, hata kwa kubembeleza. Usiku ule mama na wanawe walilala Kimisagara kwa shangazi yangu, ambaye hajui Kiswahili zaidi ya "karibu", na neno hilo alilitumia vizuri. Saa kumi na mbili asubuhi niliwapakia basi la kwanza. Mama aliniambia niwe ninapiga hodi kabla ya kuvunja nyumba ya watu. Sikuwa nimemweleza habari za hodi.

Wiki iliyofuata niliandika programu upya. Sasa inaongeza seva, kisha inauliza kila sekunde 10: wameitika? Bila jibu la ndiyo kwa zote mbili haigusi kitu. Zile za zamani hazikatwi. Zinazuiwa kupokea wateja wapya na kuachiwa sekunde 300 zimalize waliokwisha kuingia. Ni mistari 40 hivi zaidi ya ile ya kwanza, na meneja aliuliza kwa nini sasa inachelewa.

Jambo lingine halikuwa katika orodha ya kazi zangu. Ule ujumbe wa simu nilitunga upya kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiswahili, nikampelekea mwalimu ausahihishe kabla ya kuuweka: "Pesa yako imefika. Tiketi bado. Usipande basi mpaka uipate. Ikikawia dakika 5, piga namba hii." Namba ilikuwa yangu.