Nani Aliishika Mara ya Mwisho?

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, kompyuta mpakato ni moja na wenye haja nayo ni wanne. Mimi huandikia hesabu za duka. Mama watoto huweka humo kumbukumbu za mchango wa akina mama wenzake. Binti yetu, aliyemaliza kidato cha sita, huitumia kwa mambo ya masomo, na mdogo wake mwenye umri wa miaka 14 huigusa pale tu sisi sote tunapokuwa tumemaliza haja zetu. Kwa utaratibu huo, kijana ndiye mwenye haki ndogo kuliko wote juu ya chombo kile. Ndiye pia wa kwanza kushukiwa kila kinapoharibika.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho ya kupokea maombi ya udahili katika chuo alichokitamani binti yetu. Dirisha lingefungwa saa sita usiku. Fomu ilikuwa imejazwa karibu yote tangu juzi yake. Kilichobaki ni kupandisha nakala za vyeti na kuthibitisha. Niliporejea kutoka swala ya Isha nilimkuta ameinama juu ya meza, uso umemshuka.

"Baba, kompyuta haioni mtandao."

Nilidhani mtandao wenyewe umekatika, jambo ambalo si geni kwetu. Lakini simu yangu ilikuwa imeunganishwa barabara, na ya mama yake vilevile. Nikabonyeza alama ya mtandao pembeni mwa kioo, nikitaraji kuona majina tuliyoyazoea: la kwetu, la jirani wa mkono wa kulia, na la duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara. Orodha ilikuwa tupu. Kompyuta inayoona jina la mtandao ikashindwa kuingia, huenda shida ni nywila au ni kisambazaji. Ile isiyoona hata jina moja, ilhali simu iliyo kando yake inaona matatu, maradhi yake yamo ndani yake yenyewe. Tofauti hiyo sikuizingatia. Nilipoteza robo saa nzima nikizima na kuwasha kisambazaji ambacho hakikuwa na kosa lolote.

Kisha nikauliza swali ambalo wazazi wengi tungeliuliza: "Nani aliishika mara ya mwisho?"

Kijana akajibu kwamba ni yeye, usiku wa jana, alipokuwa akitazama somo la fizikia. Sikuhitaji zaidi ya hapo. Nilimwambia, mbele ya mama yake na dada yake, kwamba bila shaka ameingiza michezo, kwamba amevuruga mipangilio, na kwamba hataigusa kompyuta hiyo mwezi mzima. Alijitetea mara moja tu. Nilipomkatiza akanyamaza, akatoka kwenda kukaa barazani gizani.

Mama watoto aliniuliza, "Umemwona akifanya hivyo?"

Nikamjibu kuwa saa zinakwenda.

Na kweli zilikuwa zikienda. Nilipapasa kingo zote za kompyuta, kwa kuwa baadhi yake zina swichi ndogo ya kuzimia mtandao usio na waya, ambayo mtu huweza kuisukuma kwa kiganja bila kujua. Ya kwetu haina. Nikatazama kitufe chenye picha ya mnara, nikakibonyeza pamoja na kile cha Fn. Nikahakikisha kwamba ile alama ya ndege, inayozima mawasiliano yote, haijawashwa. Nikaizima kompyuta kabisa na kuiwasha upya. Nikafungua sehemu inayoorodhesha vifaa vya ndani, na kadi ya mtandao ilikuwepo, haina hata alama ya njano ya kuonya. Hata hivyo niliifuta na kuacha kompyuta iitambue upya, pamoja na programu yake ya kuiendesha. Ikaitambua, na orodha ikabaki tupu.

Katikati ya hayo sauti ilitoka barazani: "Baba, unganisha simu kwa waya." Nilijifanya sikusikia. Sijui ni kiburi gani humkamata mtu mzima mbele ya mashine asiyoielewa.

Ilipofika saa nne na nusu binti yangu hakuniomba ruhusa tena. Alitoka, akamshika mdogo wake mkono, akamleta mezani. Kijana alichukua waya uleule tunaochajia simu, akauchomeka kwenye simu yangu upande mmoja na kwenye kompyuta upande wa pili, akaingia katika mipangilio ya simu na kuiruhusu igawe intaneti kupitia waya huo. Haikupita dakika moja, ukurasa wa chuo ukafunguka. Kompyuta iliihesabu simu kama mtandao wa waya, na njia hiyo haipiti kabisa katika ile kadi iliyogoma. Vyeti vikapanda kimoja baada ya kingine. Saa tano na dakika kumi ujumbe wa kuthibitisha kupokelewa ukatokea kiooni. Binti yetu akalia, mama yake akamkumbatia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao kama mgeni aliyefika harusini bila mwaliko.

Usiku ule sikusema neno. Nilijiambia kwamba kusaidia ni jambo jingine, na kuharibu kungali kumethibitika.

Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta kijana amesimama mbele ya kisambazaji, kompyuta ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Akaniita nitazame. Alipoigusisha na kisambazaji, jina la mtandao wetu lilitokea, na mstari mmoja hafifu. Aliporudi nyuma hatua mbili, likapotea. "Haijapofuka, baba," akasema. "Inaona cha karibu tu." Alikuwa amesoma mahali kwamba kadi ikikosa antena huweza kunasa mawimbi ya jirani kabisa, lakini ya mbali haiyapati. Antena zenyewe hukaa juu, kandokando ya kioo, na nyaya zake nyembamba hushuka kupitia bawaba hadi kwenye kadi.

Hapo mama watoto, aliyekuwa akimimina chai, akasema bila kugeuka, "Si ulikwenda nayo dukani jana asubuhi?"

Nilikwenda nayo. Niliibana kwapani nikapanda bodaboda, nikarudi nayo hivyohivyo mchana kabla ya swala ya Ijumaa, tukarushwa na kila shimo la njiani. Dukani sina mtandao, kwa hiyo nisingeweza kujua kama imeharibika. Wiki mbili kabla, ni mimi pia niliyeipeleka kwa fundi kubadilishiwa kibodi, kazi iliyolazimu kuifungua yote. Swali langu la usiku lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa limesimama katikati ya chumba likifoka.

Tuliifungua pamoja mezani. Sipendekezi hilo kwa mwenye kompyuta iliyo bado chini ya dhamana, na hata isiyo na dhamana haifunguliwi kabla ya kuzimwa na kutenganishwa na betri yake. Kadi ilikuwa ndogo, ukubwa wa stempu ya barua. Waya mweusi ulikuwa unaning'inia. Mweupe ulikuwa umelala juu ya kishikizo chake bila kushika. Inaelekea fundi aliviegesha tu, na mashimo ya barabara yakamalizia. Kijana alibonyeza kila kimoja kwa ncha ya kidole hadi kikalia, tukarudisha betri, tukakaza skrubu. Ilipowaka, majina matatu yakajipanga.

Nikamwita mama yake na dada yake waje, kwa sababu nilimtuhumu mbele yao. Nikamwambia: "Mwanangu, jana nilikudhulumu. Mwenye kuiharibu nilikuwa mimi. Naomba unisamehe." Maneno hayo nilikuwa nimeyapanga tangu tukiwa kwenye skrubu ya tatu, na bado yalinitoka kwa taabu. Yeye aliinamisha kichwa, akawa anazungusha bisibisi vidoleni. Nadhani aliona haya kuliko mimi.

"Nimekusamehe, baba," akasema. Kisha, baada ya kimya kidogo: "Na ule mwezi mmoja?"

Nikamwambia umefutwa. Akaivuta kompyuta upande wake, akalifungua lile somo la fizikia, nami nikaenda dukani kwa miguu.