Pembetatu Kwenye Kioo

Mpenzi msomaji, usishtuke kukuta hesabu katika jarida la Chama cha Kiswahili. Wapo wanaosema eti lugha yetu ni ya mashairi na maamkizi tu, ukifika kwenye grafu uiweke kando. Mimi nakataa katakata, na ninayo sababu.

Mwaka jana jirani yangu wa dawati alikuwa ameamua kuruka kila swali la kuakisi maumbo. Kanuni alizikariri zote kwa Kiingereza kama kasuku, lakini zilimchanganya. "Kama kioo ni mhimili wa x," aliniuliza, "mbona inayogeuka ni y? Si ingegeuka x yenyewe?" Kwa maoni yangu, swali hilo lilikuwa na akili kuliko kanuni zote alizokariri.

Nikamwambia: ndugu yangu, huo mhimili wa x umelala kama maji ya bwawa, nawe umesimama ukingoni. Sura yako majini inaelekea wapi, kushoto au chini? "Chini," akasema. Basi kilichogeuka ni kimo, na kimo ndicho y.

Tukachora pembetatu yenye ncha A (1, 1), B (5, 1) na C (5, 3). Nikamkataza kutumia kanuni, ahesabu visanduku tu. C iko visanduku 3 juu ya kioo, kwa hivyo taswira yake iwe visanduku 3 chini yake, wima kabisa: (5, -3). A ikawa (1, -1), B ikawa (5, -1). Mhimili wa y aliufanya peke yake, bila kuniuliza: (-1, 1), (-5, 1), (-5, 3).

Wengi huishia hapo, kumbe utamu wenyewe uko mbele! Fuata herufi A, B, C kwenye umbo la kwanza: unazunguka kinyume cha mwendo wa saa. Zifuate kwenye taswira: unakwenda na saa. Pande ni zile zile, pembe zile zile, lakini ukilikata umbo lile na kulisukuma mezani, halitalala sawa juu ya taswira mpaka uliinue, ulipindue kama chapati. Ni kiatu cha kushoto na cha kulia, bwana. Ndiyo maana mbele ya gari la wagonjwa maandishi huwa yamegeuzwa, ili dereva aliye mbele yake ayasome sawasawa kwenye kioo chake.

Mstari wa y = x ndio uliotutoa jasho. Hapo nambari mbili za nukta hubadilishana nafasi: B ikawa (1, 5), C ikawa (3, 5). Mwalimu akapita, akainama, akauliza kwa nini A haijasogea.

"A iko juu ya kioo chenyewe, mwalimu," jirani yangu akajibu kwa Kiswahili. "Sasa itaenda wapi?"